Mwenye Maradhi Mawili

Yako maneno yasemwayo barazani, na aghlabu husemwa kwa huruma wala si kwa ubaya: "Huyu figo zake zimekwisha, ini latibiwa la nini tena?" Anayekusudiwa ni mtu ambaye husafishwa damu kwa mashine, kisha akaonekana ana homa ya ini aina ya C. Maneno haya yataka yapimwe kabla hayajakubaliwa, kwani ndani yake mna hukumu, nayo ni hukumu ya kumwacha mtu afe.

Kwanza, si kweli kuwa ini halimzidishii mtu huyu khatari. Matabibu wamekusanya uchunguzi wa nchi nyingi wakaona ya kuwa, miongoni mwa wanaosafishwa damu, wenye virusi vya C hufa zaidi kuliko wenzao wasio navyo; wengine kwa kusinyaa kwa ini au saratani yake, na wengine kwa maradhi ya moyo. Na maradhi yenyewe ni ya siri. Kipimo cha kawaida cha ini, kwa mtu wa mashine, mara nyingi hutoa hesabu ya chini kuliko kwa watu wengine, mtu akadhani yu salama naye hayuko. Ndiyo sababu KDIGO, jopo la kimataifa la mambo ya figo, lashauri mtu apimwe virusi anapoanza mashine, kisha kila miezi 6.

Zamani mwenye kusema "tumwache" alikuwa na udhuru. Kirusi chenyewe hakikujulikana mpaka mwaka 1989, na dawa ya interferoni ilikuwa ya sindano za miezi mingi, yenye kumtaabisha sana mgonjwa wa figo, na kwa wengi isiponye. Mwishoni mwa 2013 ikaja sofosbuvir, tembe ya kumeza. Huko Marekani tembe moja iliuzwa dola 1,000. Lakini kwa kuwa mabaki yake hutolewa na figo, watu wa mashine waliambiwa wangoje. Na hao ndio walioambukizwa kwa wingi kuliko watu wa kawaida! Mwaka 2015 ndipo yalipotangazwa majaribio ya grazoprevir na elbasvir kwa wenye figo zilizoharibika, wengi wao wa mashine. Katika wagonjwa 116 waliohesabiwa, 115 virusi viliwatoka kwa dawa ya wiki 12. Mwaka 2019 sofosbuvir nayo ikaruhusiwa Marekani kwa watu wa mashine. Basi udhuru umekwisha. Anayemwacha mgonjwa leo amechagua kumwacha.

Wako tena watakao mgonjwa huyu atengwe, apewe chumba chake na mashine yake. Kwa homa ya ini aina ya B kutenga kuna maana. Ama hii ya C, jopo lile lile halishauri hivyo. Damu husafiri kwa mikono isiyooshwa, kwa glovu zisizobadilishwa baina ya mtu na mtu, kwa chupa moja ya dawa ichotewayo wengi, na kwa kiti kilichofutwa kwa haraka. Muuguzi akitegemea ukuta, huenda akasahau sabuni. Na aliyetengwa hubeba aibu isiyo yake, hali yeye mkono wake aliunyoosha tu, akaamini.

Hapa ndipo penye swali zito, nalo ni la dhamana. Mtu aliyeingia hospitali na maradhi mamoja akatoka na mawili, ni nani wa kulipa dawa ya hayo ya pili? Sisi twaona ni yule aliyeaminiwa damu yake, hata ikiwa hakukusudia. Nia njema humwondolea mtu lawama ya uadui; hasara haimwondolei.

Misri yatupa mfano. Kuanzia miaka ya 1950 hata mwanzoni mwa miaka ya 1980, serikali iliwadunga watu wa mashamba sindano za kuponya kichocho, na sindano zile zile zikarudiwa kwa mtu baada ya mtu. Nia ilikuwa njema kabisa, na homa ya ini aina ya C ikaenea nchini kuliko karibu mahali popote duniani. Kisha, mwaka 2018 na 2019, dola ya Misri ikawapima karibu watu milioni 50 bila malipo, na walioonekana wagonjwa wakatibiwa bure. Wengi wa waliokosa walikwisha kufa, na waliolipa si wao waliokosa. Hata hivyo deni halikukanwa.

Huenda hospitali ikajibu: "Nani ajuaye kama aliyapata kwetu?" Jawabu limo katika vile vipimo vya kila miezi 6. Aliyeanza mashine akiwa safi, kisha akaonekana na virusi, daftari lao wenyewe laonyesha aliingia vipi, na laonyesha nani mwingine alikuwa akisafishwa damu mahali pale siku zile. Kwa hivyo jamaa wa mgonjwa na waitake karatasi ya kipimo cha kwanza, na waiweke pamoja na hati zao za nyumba.