Chui Asiye na Pa Kukimbilia

Unguja ilikuwa na chui, Pemba haikuwa naye. Sababu iko chini ya maji. Mkondo unaoitenga Unguja na Bara una kina cha makumi ya mita tu. Ule wa Pemba unashuka mamia ya mita. Zama za barafu, maji mengi ya dunia yalipoganda, bahari ilishuka zaidi ya mita 100, na Unguja ikawa kilima cha pembezoni mwa Bara. Chui, paa na kima waliingia kwa miguu. Kiasi cha miaka 10,000 iliyopita, dunia ilipokuwa imepata joto, bahari ikapanda na kuwafungia humo humo.

Pemba haikuungwa na Bara wakati huo. Ilipata zaidi wale wanaoruka au wanaochukuliwa na upepo na maji, na kwa kukaa peke yao muda mrefu wakageuka kuwa viumbe wasiopatikana kwingine: popo wa Pemba, ninga wa Pemba, na mpapindi, mti wa jamii ya minazi ulioko katika msitu wa Ngezi, ambao ndugu zake wengi wako Madagaska.

Chui wa Unguja naye alibadilika. Alikuwa mdogo kuliko wa Bara, na madoa yake yalikuwa madogo, yamesongamana. Hakuwa na simba wa kumnyang'anya windo, wala swala wakubwa wa kumshibisha. Alikula paa, nguruwe mwitu na kima. Uwanda wa kusini na mashariki ulimfaa: mawe ya matumbawe, udongo haba, vichaka vinavyomchosha mkulima. Magharibi, kwenye udongo wa kina na mvua nzuri, watu walishapanda mikarafuu tangu karne ya 19.

Vijiji vilipopanuka, chui akaanza kuchukua mbuzi, na mara nyingine kushambulia watu. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na si kwa sababu ya meno yake. Watu wengi waliamini kuna chui wa mwitu na chui wa kufuga, na huyu wa pili ana mwenyewe: mchawi anayemlisha, anayemtuma usiku kwa jirani aliyegombana naye. Mbuzi akipotea, swali halikuwa chui gani. Lilikuwa chui wa nani. Sioni haja ya kuicheka imani hiyo. Kijiji kidogo kina kumbukumbu ndefu ya ugomvi, na mnyama asiyeonekana mchana hubebeshwa mengi.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 ikaja kampeni ya kisiwa kizima, ikiongozwa na mganga aliyejulikana kwa jina la Kitanzi. Wachawi walisakwa, na chui wao pamoja nao. Kampeni ilipokwisha, bunduki hazikutulia: chui alihesabiwa miongoni mwa wanyama waharibifu, na wasasi waliendelea kumuua kwa miaka.

Bara mambo kama hayo yangeacha jeraha linalopona. Wakiisha chui wa wilaya moja, vijana wa wilaya ya pili, waliofukuzwa na baba zao, huja kutafuta makazi. Kisiwani hakuna wilaya ya pili. Bahari ile ile iliyomtengeneza ndiyo iliyozuia mbadala wake kuja. Katikati ya miaka ya 1990 watafiti walipofikiria mpango wa kumhifadhi, waliona matumaini ni haba, na mpango ukaachwa. Mwaka 2018 kamera ya watengeneza filamu ilinasa mnyama wanayedai ni yeye, wataalamu hawajakubaliana. Aliyebaki kisiwani bila shaka ni yule aliyekaushwa katika jumba la makumbusho mjini.

Pemba waliwahi. Popo wao, anayetawanya mbegu za miti ya msituni, alikuwa amebaki kwa mamia machache mwishoni mwa miaka ya 1980: misitu ilikuwa imekatwa na bunduki ziliongezeka. Wanavijiji wakaunda vikundi vya kulinda miti anakolala. Kidike ni mahali maarufu pa kumwona. Baadaye walihesabiwa zaidi ya 20,000. Tofauti, nadhani, ni kwamba popo hakuna aliyeshukiwa kumtuma.

Unguja ilidhaniwa kwamba chui akiisha, paa watajaa. Haikuwa hivyo. Wasasi walewale walibaki, na mbwa na nyavu zao, na paa nunga, asiyepatikana ila hapa na sehemu chache za pwani ya Bara, akazidi kupungua huku uwanda ukikatwa kwa kuni na mkaa. Wachache walihamishiwa Chumbe, kisiwa kidogo cha matumbawe karibu na Unguja, kisicho na chemchemi wala kisima. Watu wa huko hukinga mvua mapaani. Paa nunga huridhika na maji ya majani.