Taulo Chini ya Goti

Hapa Jinja ukungu bado umetanda juu ya Mto Nile, nami niko chali mkekani, taulo limekunjwa chini ya goti. Ninalikandamiza taulo kwa goti, nahesabu hadi tano, naachia. Mara kumi. Goti hili liliumia kwenye ajali ya bodaboda, na hata leo ngazi hunitoa jasho.

Zoezi lenyewe halina fahari yoyote. Msuli wa paja ndio unaolishikilia goti, na usipotumika hunyong'onyea ndani ya wiki chache. Kuurudisha ni kazi ya miezi. Hapo ndipo wengi tunapoponyoka. Maumivu yakipungua kidogo tu, karatasi ya mazoezi inafungiwa maandazi.

Mwanzoni nililifanya huku nasoma WhatsApp. Hesabu ilipotea, na mguu ukanidanganya: nyonga ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi. Siku hizi naweka kiganja juu ya paja, nausikia msuli ukikaza, pumzi naitoa taratibu. Maumivu madogo yanayotulia kufikia kesho yake nayavumilia. Yakichoma, au goti likivimba, napunguza na kumuuliza mtaalamu wa tiba ya viungo.

Husemwa kwamba maji yanayotoka Ziwa Victoria hapa Jinja huchukua kama miezi mitatu kufika Bahari ya Mediterania. Mimi niko mwezi wa nne wa mazoezi, na bado nashuka ngazi nikishika ukuta.

Kama karatasi yako nawe iko kabatini, itoe kabla chai haijachemka.