Mwenye Kujifunza Kisha Akaacha

Bismillahi rrahmani rrahim. Shukrani ni zake Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Enyi ndugu Waislamu, imepokewa katika Sahihi ya Imamu Muslim khabari ya sahaba Uqba bin Amir, aliyepata kuwa liwali wa Misri zamani za Muawiya, akafa mwaka wa 58 wa Hijra. Alionekana, naye amekwisha kuwa mzee, akienda na kurudi baina ya shabaha mbili kwa kutupa mishale. Hupiga huku, akaifuata mishale yake, akaiokota, kisha akapiga kule alikotoka. Mtu mmoja akamwambia kwamba kazi ile yamtaabisha mzee kama yeye. Uqba akajibu kuwa lau si neno alilolisikia kwa Mtume, asingelijipa taabu ile. Nalo ni kwamba mwenye kujifunza kutupa mishale kisha akaacha, huyo si katika sisi, au ameasi.

Litazameni vyema neno hili. Lawama haikumshukia asiyejua, wala apigaye akakosa. Imemshukia aliyepewa ujuzi akautupa. Na katika mapokezi ya Abu Daud, mwenye kuacha kwa kutoutaka amehesabiwa kuwa ameikufuru neema. Imamu Nawawi, katika kuisherehesha hadithi hii, amesema ni karaha kubwa kwa mwenye kuacha pasi na udhuru.

Na sababu yake ni dhahiri. Upinde hauvutwi kwa maneno. Huvutwa kwa mgongo, na bega, na vidole vilivyozoea. Aliyoyapata mtu kwa miaka mwili huyasahau kwa miezi, na siku ya haja haimngoji mtu aanze upya.

Waturuki waliijua siri hii. Sultani Muhammad Fatih, baada ya kuufungua mji wa Istanbul mwaka 1453, aliwatengea wapiga mishale uwanja ulioitwa Okmeydanı. Mwanafunzi hakupewa mshale siku ya kwanza. Alipewa upinde mwepesi, akauvuta mtupu, siku baada ya siku, hata viungo vikatii. Kisha akapiga karibu, kisha akapewa upinde mzito zaidi. Wala hakuhesabiwa katika wapiga mishale illa mshale wake ufike gezi 900, yaani kama mita 600, mbele ya mashahidi. Hapo ndipo mwalimu wake alipomkabidhi upinde mbele ya wenziwe.

Basi sisi je? Kijana wetu huanza leo kujifunza fimbo, au kuogelea, au kupiga shabaha, kwa shauku ya moto wa makuti: huwaka mara moja, ukawa jivu. Mwezi wa kwanza wako kumi, wa tatu wako wawili. Na wengi hubomoka kwa kutaka upinde mzito siku ya kwanza. Bibi Aisha amepokea kwamba amali ipendezayo mno kwa Mwenyezi Mungu ni ile idumuyo, ijapokuwa chache.

Tena jihadharini na jambo moja. Yule aliyesema na Uqba hakuwa adui, alimhurumia. Sauti ya kumwachisha mtu kazi yake mara nyingi huja kwa upole: umechoka, umri umekwenda, pumzika. Nayo nafsi huipokea kwa furaha, kwa kuwa ndilo ilitakalo.

Wala msidhani faida yake ni mkono tu. Mtume amefundisha kwamba mwenye nguvu si yule ashindaye watu kwa mieleka, bali amilikiye nafsi yake wakati wa ghadhabu. Mwenye kuulazimisha mkono wake wakati wa uvivu huuzoeza moyo kutii, na moyo uliozoea kutii huweza kuuzuia ulimi siku ya ugomvi. Ama mwenye silaha asiyejimiliki, huyo ni balaa kwa jirani zake.

Basi kila mmoja na ashike kipimo kidogo, kwa saa maalumu, kwa mfano baada ya sala ya Alfajiri, pamoja na mwalimu au mwenzi wa kumwuliza asipoonekana. Akizeeka na apunguze, asiache. Ama akiugua au akisafiri, Mtume amebashiri kwamba huandikiwa mfano wa aliyokuwa akiyatenda alipokuwa mzima na mkazi. Lakini huandikiwa nini yule ambaye katika uzima wake hakudumu na lolote?

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe uthabiti katika tulilolianza, wala asitujaalie katika wenye kujifunza kisha wakaacha. Amin.