Nani Aliyetoa?

Huku kwetu Buger, mzee akitoa ng'ombe wa zizi lake kumpa jirani aliyepatwa na msiba, watu husifu ukarimu wa mzee. Kijana aliyemchunga ng'ombe yule tangu alipokuwa ndama, na kunyeshewa naye mvua, hatajwi. Twapenda kuliwaza jambo hili pamoja nanyi, ndugu wasomaji, kwa habari za Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu yetu.

Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, Bayi alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, hapakuwa na mtu duniani aliyepata kuzikimbia upesi hivyo. John Walker wa New Zealand alimfuata nyuma kidogo. Wapenda mbio wakangoja wakutane tena katika Olimpiki ya Montreal, mwaka 1976. Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini, nchi iliyowatenga watu weusi kwa sheria. Na kwa kuwa New Zealand haikuzuiwa, Tanzania na nchi nyingi za Afrika zilikataa kushiriki. Walker akaitwaa dhahabu.

Je, Tanzania ilitenda vema? Sisi twasema ndiyo. Si haki kushangilia mbio na huku ndugu yako amefungwa miguu.

Lakini wako wasemao kwamba Bayi hakupoteza kitu, maana medali ile hakuwa nayo bado. Hoja hiyo hatuikubali hata kidogo. Mtu ambaye mahindi yake yamekanyagwa na tembo kabla ya mavuno, nani atamwambia kwamba hakupoteza kitu? Na nguvu za mkimbiaji zina majira yake. Miaka minne kwa serikali ni michache. Kwa miguu ya mtu ni mingi mno.

Mwaka 1980, huko Moscow, Bayi alishindana katika mita 3000 za kuruka viunzi na maji. Aliongoza kwa mbali, kisha Malinowski wa Poland akampita katika mzunguko wa mwisho. Alipata fedha, naye Suleiman Nyambui akapata fedha ya mita 5000. Ndizo medali za kwanza za Tanzania katika Olimpiki. Tulifurahi, lakini fedha hiyo haikuwa malipo ya Montreal.

Tulimwuliza mzee mmoja wa hapa habari ya ng'ombe yule na mchungaji wake. Alinyamaza kitambo, kisha akasema ng'ombe ilipasa atolewe, ila kijana angeulizwa kwanza.