Mgonjwa Naye Ana Amana

 Nausia nafsi yangu kwanza, kisha nyinyi, tumche Mwenyezi Mungu popote tulipo. Na leo nataka tuzungumzie mahali tunapopasahau katika mawaidha: benchi la kliniki.

Wengi mnaoswali Ijumaa hapa Msikiti wa Jamia, Nairobi, mmetoka madukani Biashara Street na City Market, na jioni mtapanda matatu ya 46 kurudi Kawangware au ya 23 kwenda Kangemi. Mtoto akipata homa usiku, alfajiri mama yake yuko kwenye foleni Riruta au Kangemi Health Centre, kitabu cha kliniki mkononi. Akiingia kwa daktari, anaandikiwa dawa, anapokea karatasi, anasema ahsante, anatoka. Ukimuuliza mtoto ana nini, hajui. Dawa ni za nini? Hajui. Mbona hukuuliza? "Niliogopa, daktari alikuwa na haraka."

Jabir bin Abdillah, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, anasimulia katika Sunan Abu Dawud habari za safari moja. Mwenzao alipigwa jiwe likampasua kichwa. Akalala, akaamka na janaba, akawauliza wenzake kama anaweza kutayamamu. Wakamwambia hawaoni ruhusa kwake, maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume (S.A.W.) alipopata habari aliwatupia wao lawama ya kifo kile, kwa kuwa walijibu wasichokijua badala ya kuuliza. Tizameni: watu wale walikuwa wachamungu, na nia yao ilikuwa twahara.

Basi kuuliza ni ibada, na kwa bahati sheria ya nchi inatuunga mkono. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu akueleze hali yako, vipimo na matibabu yaliyopo, faida yake, hatari yake na gharama yake, tena kwa lugha unayoielewa. Una haki ya kukataa matibabu, ila baada ya kuelezwa kukataa huko kutakuletea nini. Na siri yako ni siri.

Tusidhani haya ni mambo ya maandishi tu. Mapema mwaka 2018, katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, vitambulisho vya wagonjwa wawili vilichanganywa. Mmoja alikuwa na damu iliyoganda kwenye ubongo, wa pili alikuwa na uvimbe usiohitaji upasuaji. Akapasuliwa kichwa huyu wa pili. Madaktari waligundua saa kadhaa baadaye, walipoitafuta damu iliyoganda wasiione. Mgonjwa wa kichwa hawezi kujitetea, kosa si lake hata chembe. Lakini sisi tunaompeleka jamaa yetu tunaweza kumuuliza nesi: huyu mmemwandika nani, na anapelekwa wapi? Swali hilo halimvunjii mtu heshima.

Kuna wanaosema, "Sheikh, tunasubiri, Mungu yupo." Mungu yupo, naam. Subira ni kwa maradhi aliyokukadiria Mola, si kwa dhuluma ya binadamu anayelipwa mshahara akuhudumie. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Ilikuwa na umri wa miaka mitano, Oktoba 2015, pale mtu aliyegongwa na gari alipozungushwa hapa Nairobi saa 18 ndani ya ambulansi, huku hakuna kitanda, kule wanataka amana ya pesa kwanza. Alifariki. Ukiona jambo la namna hiyo, mtafute mkuu wa kituo, andika jina na saa, na asiposikia peleka malalamiko KMPDC, baraza linalosimamia madaktari. Hiyo ni kukataza maovu, na thawabu yake ipo.

Sasa tugeuze upande wa pili, na hapa ndipo nilipotaka kufika. Mnaijua Suratul Mutaffifin. Ole umetajwa kwa wale ambao wakipimiwa wanataka kipimo kijae, na wakiwapimia wengine wanapunja. Tunaisoma tukimfikiria muuza mchele. Je, mgonjwa anayedai haki zake zote, kisha anamficha daktari nusu ya ukweli?

Nitatoa mfano wa Ramadhani, maana kila mwaka unarudi. Mzee ana kisukari, anadungwa insulini. Mwezi unapoandama anaamua mwenyewe: anaacha sindano, anafunga, na akiulizwa kliniki anasema anatumia dawa vizuri. Daktari anaangalia sukari iliyopanda, anamwongezea dozi. Mwezi ukiisha mzee anarudia sindano kwa dozi mpya na sukari inashuka hadi anazimia. Nani amemdhulumu nani? Mwenyezi Mungu amempa mgonjwa rukhsa katika Suratul Baqara, na asiye na tamaa ya kupona analisha maskini. Kuikataa rukhsa ya Mola kisha ukamdanganya tabibu, sijui tunaiita saumu gani.

Sheria ile ile ya 2017 inamtaka mgonjwa atoe taarifa sahihi, afuate ushauri na awaheshimu wanaomhudumia. Kutumia kadi ya bima ya binamu yako ni wizi. Kukatiza dawa za TB mwezi wa pili kwa sababu kikohozi kimepoa, huku mnalala watano chumba kimoja Kawangware, ni kuwadhuru wenzako, na Mtume amekataza kudhuru. Kumtukana nesi aliyekesha zamu ya usiku nako tunakujua. Wengine tunakufanya tukiwa tumevaa kanzu.

Dada zetu, mna haki ya kuomba mhudumu wa kike au mtu wenu awepo mkipimwa. Ombeni mapema, kwa upole. Ikiwa ni dharura na hakuna mwanamke, dharura ina hukumu yake, na uhai hautasubiri.

Na tuache hili la picha. Mgonjwa yuko kitandani, mipira puani, stara imeteleza, picha iko kwenye magrupu ya WhatsApp ya misikiti mitatu na nambari ya paybill chini yake. Nia ni harambee, najua. Nani alimuomba ruhusa? Andika jina kama ameridhia, andika deni, inatosha. Ndugu atachanga bila kuona utupu wa ndugu yake.

Kuhusu deni lenyewe: mwaka 2015 Mahakama Kuu, katika kesi ya akina mama waliozuiliwa hospitali ya uzazi ya Pumwani, iliamua kwamba kumfungia mgonjwa kwa sababu hajalipa ni kinyume cha sheria. Uamuzi ule haukufuta deni. Mtume alijizuia kumswalia maiti mwenye deni hadi Abu Qatada alipolibeba. Kwa hiyo tujisajili SHA, bima ya afya ya serikali, kabla hatujaugua. Ilianza tarehe 1 Oktoba 2024. Unajisajili kwa *147#, mchango wa chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na huduma za msingi katika vituo vya ngazi ya 2 na 3, kama Riruta na Kangemi, zinagharamiwa na serikali kwa aliyejisajili. Anzeni huko, msikimbilie Kenyatta kwa mafua.

Mwisho, turudi kwenye lile benchi la kliniki: tuna akina mama wasiojua Kiswahili wala Kiingereza, wanaokaa mbele ya daktari wakiitikia kwa kichwa tu. Vijana mnaojua Kisomali na Kiborana, wa kike hasa, nawaomba mjitolee asubuhi moja kwa wiki muwasindikize kliniki na kuwatafsiria. Wanaokubali wabaki baada ya swala, watoe majina yao kwa kamati.