Jicho lisilositiri

"Muislamu gani wewe unayeogopa kamera?"

Kaka yangu aliniuliza hivyo kwenye simu, anacheka, siku nilipomwambia kwamba dukani ninapofanya kazi, hapa Uingereza, pamefungwa mtambo wa kutambua nyuso za wateja. Yeye ana duka la vitambaa Darajani, Zanzibar, na kamera zake amezitundika kila pembe, mpaka stoo. "Tangu chuo cha Kurani tunajua kuna malaika wawili wanaandika, na juu yao yuko asiyelala. Leo kamera ndiyo ikutie hofu?"

Swali lake ni zito kuliko lile la watu wa hapa, la kwamba kama huna unachoficha huna haja ya kuogopa. Mtu anayeamini kuwa Mungu anamwona hata gizani hawezi kusimama akasema kuonekana peke yake ni dhulma. Na mie sikukulia mahali pa siri. Kwetu Mkunazini, msichana akionekana Forodhani kasimama na mvulana, habari zilifika nyumbani kabla hajamaliza urojo wake.

Lakini chuoni tulifundishwa na mengine. Malaika wa kushoto, anayeandika maovu, huambiwa asubiri kwanza, huenda mja akatubu; akitubu, ovu lake haliandikwi. Na Mungu huyo anayeona yote ndiye tunayemwomba kila siku atusitiri, duniani na akhera. Anayemtaja Mungu kwa kuona tu, akaacha kwamba husitiri, kasimulia kisa nusu.

Nilimkumbusha kaka habari ya ubuyu. Kijana mmoja wa mtaani kwetu, sasa mtu mzima na ndevu zake, aliwahi kuchota ubuyu kwenye duka la pembeni na kuutia mfukoni. Mwenye duka alimwona. Hakupiga kelele. Alingoja mpaka baada ya Magharibi, watu wametoka msikitini, akaenda kwa bibi yake yule mtoto akazungumza naye ukumbini kwa sauti ya chini. Bibi alilipa. Mtoto akapewa ufagio, kila asubuhi afagie mbele ya duka mpaka mwezi uandame. Sisi wengine tulidhani kaajiriwa, tukamwonea choyo. Miaka mingi baadaye mwenye duka alikula pilau ya harusi yake na hakuna aliyekumbuka ubuyu. Mie nilikuja kujua kwa sababu bibi yule alikuwa bibi yangu, na kijana mwenyewe ndiye huyu mwenye duka Darajani anayenicheka.

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema: "Wewe hujaibiwa."

Ana haki. Hapa tunaibiwa kweli. Jibini na nyama zimefungwa vidude vya kulia mlangoni, maziwa ya watoto tumeyahamishia nyuma ya kaunta, na mfanyakazi mwenzangu alipigwa chupa ya pombe begani kwa kumsimamisha mtu. Meneja hakuuleta mtambo kwa ubaya. Unavyofanya kazi si miujiza: kamera ya mlangoni inapiga picha ya kila anayeingia, programu inapima uso na kuugeuza tarakimu, tarakimu zinalinganishwa na orodha ya watu waliowahi kutiliwa shaka. Asiyefanana na yeyote hufutwa papo hapo, ndivyo tulivyoambiwa. Anayefanana, simu ya duka inatetemeka.

Simu hiyo hushikwa na aliye zamu, na siku moja asubuhi ilikuwa kwangu. Ilitokea picha mbili ubavu kwa ubavu. Moja ya mwanamke aliyeandikwa kwamba aliondoka na vipodozi bila kulipa, katika duka jingine kabisa. Nyingine ya mwanamke aliyeingia dakika ile, ana kikapu, anachagua vitunguu. Wote wawili weusi, wote wamevaa ushungi. Nilizitazama pua, nikazitazama nyusi. Kwangu mie, aliyezaliwa katikati ya wanawake wenye ushungi, walikuwa watu wawili. Nilimwambia meneja. Akaniambia mtambo haukosei hovyo, akaenda mwenyewe. Sikusikia alichomwambia. Niliona mama yule akitazama nyuma yake, kama anayedhani anasemeshwa mtu mwengine, halafu akaviweka vitunguu chini kimoja kimoja, mahali alipovitoa, akatoka.

Eti haukosei hovyo. Mwaka 2019 taasisi ya viwango ya serikali ya Marekani, NIST, ilichapisha matokeo ya kupima programu 189 za aina hii. Si zote zilizokuwa sawa, lakini katika nyingi, kosa la kumdhania mtu kuwa ni mwengine lilizidi kwa nyuso za watu wa Afrika Magharibi, Afrika Mashariki na Asia ya Mashariki, na lilikuwa dogo kabisa kwa watu wa Ulaya ya Mashariki. Afrika Mashariki imetajwa kwa jina, ni sisi. Huko huko Marekani, Desemba 2023, mamlaka ya biashara, FTC, iliishtaki kampuni ya maduka ya dawa ya Rite Aid, na kampuni ikakubali kutotumia utambuzi wa nyuso kwa miaka 5. Ilikuwa imeutumia kati ya 2012 na 2020 bila kuwaambia wateja, na hata wafanyakazi waliagizwa wasiseme. Katika madai ya mamlaka hiyo yumo mtoto wa kike wa miaka 11 aliyesimamishwa na kupekuliwa kwa sababu mashine ilimfananisha vibaya.

Kuna kisa cha Sayyidna Umar ambacho Imamu Ghazali amekitaja katika kitabu chake, Ihya. Khalifa anapita usiku Madina, anasikia sauti, anapanda ukuta, anamkuta mtu na pombe. Anapomkemea, yule mtu anamjibu kwamba yeye kaasi mara moja, Amiri kaasi mara tatu: kapeleleza, na Mungu kakataza, kaingia kupitia ukutani, na nyumba zina milango, kaingia bila ya hodi wala salamu. Umar hakubisha. Kuna watakaoniambia duka si nyumba, na kweli si nyumba. Mwenye duka ana haki ya kuilinda mali yake kwa macho yake yote. Ila uso wangu haumo katika mali yake, na anapoupima na kuulinganisha na orodha nisiyoiona keshaupanda ukuta wangu, hata kama nimesimama sakafuni kwake. Karatasi iliyobandikwa mlangoni, yenye herufi za kusomwa na mwenye kuinama, siihesabu kuwa ni hodi.

Linalonisumbua zaidi si ukuta. Masheikh wetu wanafundisha kwamba dhambi kati ya mja na Mola wake, Mola huisamehe. Ya mja na mja haisameheki mpaka aliyedhulumiwa aridhie. Mama wa vitunguu anamdai nani? Meneja atasema ni mtambo. Wenye mtambo watasema wao hutoa taarifa tu, anayeamua ni duka. Aliyeitia picha ile kwenye orodha yuko mji mwengine na hajui kama kuna mtu katolewa. Kila mmoja kashika kipande cha dhulma kidogo mno kukiombea msamaha. Mwenye duka la ubuyu alikuwa na jina, na kama angemsingizia mtoto wa watu, bibi yangu angejua mlango wa kugonga. Na angeugonga, Mungu amrehemu, kwa bakora.

Nilimuuliza kaka: siku ya kuulizana, aliyeshika simu hatakuwamo?

"Basi usiishike," akasema. "Acha kazi." Halafu akaniuliza ile pesa ya matibabu ya mama nitaituma lini.