Uko Wapi Saa Hii?

Somo: 2 Wafalme 5:20–27



Majuzi nilikuwa na kikao cha huduma Homa Bay. Kiliisha jioni, lakini nikabaki na rafiki kando ya ziwa tukila samaki. Mke wangu akaniandikia kutoka Migori akiuliza nimefika wapi. Nikajibu, "Nimepita Rodi Kopany." Na bado nilikuwa namega ugali! Kwa vile giza lilikuwa limeingia na mvua inanyesha, akaniomba nimtumie lokesheni ya moja kwa moja kwa WhatsApp, aione safari yangu. Nikamwambia bando imeisha. Nilimwambia hivyo kwa WhatsApp hiyo hiyo.

Kumbe alikuwa amemwomba ndugu yetu mmoja wa boda aningoje steji. Alinyeshewa hapo hadi karibu saa tano usiku. Nilipomwomba msamaha alisema tu, "Pasta, ungesema ukweli ningeenda nyumbani kwanza." Wapendwa, hapo nilishikwa. Uongo niliouona mdogo, mtu mwingine ndiye aliulipia.

Gehazi alimfuata Naamani mbio, akapewa talanta 2 za fedha na mavazi, akavificha nyumbani. Kisha akasimama mbele ya Elisha kama mtu ambaye hajatoka hata mlangoni. Lakini Mungu alikuwa amemwonyesha mtumishi wake safari yote. Gehazi alitoka pale na ukoma. Hakuwa na simu, lakini alikokuwa kulijulikana.

Nilisomea biashara chuoni, na jambo moja halijanitoka: mwenye vitabu safi hamwogopi mkaguzi. Jiulize, swali la "uko wapi" likikukasirisha, unaficha nini?

Sisemi kila mtu ajue uliko. Usiianike safari yako kwa kundi zima la watu usiowajua vizuri. Mwizi naye anasoma. Lakini dada, ukipanda boda usiku baada ya kesha, mtumie mtu mmoja unayemwamini. WhatsApp inakupa dakika 15, saa 1 au saa 8, na unaweza kuizima ukifika. Hiyo si kukosa imani. Ni hekima.

Na wewe unayemdai mwenzako lokesheni kutwa nzima kama askari, sikia: ile alama inaonyesha simu iliko, si moyo. Simu inaweza kuwa hapa kanisani na mwenyewe yuko kwingine. Uaminifu haupakuliwi kwa simu, unajengwa kwa ukweli mdogo mdogo wa kila siku.

Wiki hii, ukiulizwa uko wapi, sema ulipo. Kama bado uko mezani, sema uko mezani. Mimi nimeanza.

Tuombe: Baba, wewe unayetuona popote, tupe mioyo isiyo na kona za kujificha. Kwa jina la Yesu. Amina.